Kutu Niliileta Mimi, Nikamsingizia Mama Zuhura

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitajitetea. Nilileta ugonjwa wa mimea kwenye ua wa mama aliyenipangisha chumba, ukala maharage yake, na aliponiuliza umetoka wapi nikamtaja mtu asiyehusika. Ulimi haukuteleza. Nilijua ninachosema.

Padri nimeshamwambia. Bosi wangu nimeshamwambia. Niliowakosea nao wanajua. Lakini kifua bado hakijatulia, kwa sababu uongo wangu ulisemwa bombani mbele ya watu, na ukweli nimeusema jikoni mbele ya mtu mmoja. Majina nimebadilisha. Ila ninyi wa Izia, na ninyi mnaolima kule Pito, mkisoma mtanijua tu, na nataka mnijue.

Kazi yangu ni kutu. Chekeni, hata mimi nilicheka nilipopangiwa! Si kutu ya bati wala ya panga. Ni ukungu unaoshambulia majani ya mimea. Unaona vipele vidogo vya rangi ya tofali, ukipitisha kidole kinabaki na unga wa kahawia. Mahindi yana kutu yake, ngano ina yake, maharage yana yake, na ya huyu haimgusi yule. Mimi nazitambua na kuzipanga, ipi ni ya jamii gani. Nipe hadubini na jani lililougua mpaka mwisho wa msimu, wala usiniambie limetoka kwenye mmea gani, nitautaja mwenyewe. Zile chembe nyeusi za kutu ya mahindi zina vyumba viwili, za maharage zina kimoja na kikia kifupi. Nilikuwa najivuna sana na hilo.

Lakini ndani ya kutu ya maharage yenyewe kuna mbari nyingi, yaani koo ndogo ndogo, na hapo hadubini haisaidii, maana zote zina sura moja. Unachofanya ni kupanda aina tofauti za maharage kwa mstari, unayapaka hiyo kutu yako, halafu unangoja uone inakula yapi na yapi inayaacha. Unaijua kwa chakula inachochagua. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililokuja kunifunga mimi.

Na kutu haiishi juu ya kitu kilichokufa. Jani likikauka, nayo haikai sana. Ukitaka kuitunza hai lazima uwe na mmea hai, na kabla ule haujafa uwe umeshaipa mwingine.

Basi. Nilikuja Sumbawanga kwa uhamisho, kwenye kituo cha utafiti wa mimea, simjui mtu. Nikapata chumba Izia, kwenye ua wa Mama Sabina, mama mjane, wanawe wote wameshaoa na kuolewa mbali. Siku za kazi zilipita. Jumamosi na Jumapili ndizo zilikuwa zinanimaliza, jamani! Upepo wa huku baridi, ukikaa nje unakuchoma, ukikaa ndani unasikiliza redio ya jirani. Watu wanakusalimu vizuri kabisa, halafu wanaendelea na Kifipa chao, na wewe unabaki umesimama na tabasamu lako.

Nilikuwa nakula mkate na chai ya rangi chumbani. Siku moja Mama Sabina akagonga mlango.

"We baba, mtu mzima anakula mkate kila siku kama amelazwa? Njoo jikoni."

Tangu siku ile nikawa mtu wa jikoni kwake. Na jikoni hapo hakukosekana Mama Zuhura, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mumewe ana duka mjini na Fuso inayokwenda Mbeya kuchukua bidhaa. Mama Sabina ni wa kanisani, hakosi misa, na Mama Zuhura ni wa msikitini, lakini ukiwakuta wale wawili utadhani wametoka tumbo moja. Wana mashamba Pito, yamepakana. Kila mwaka mvua zikiwa nyingi walikuwa wanatengeneza ntumba pamoja, yale matuta ya duara ya Wafipa, unakusanya nyasi na kuzifunika kwa udongo, halafu juu unapanda maharage. Leo wanalima kwa mmoja, kesho kwa mwingine. Jioni tunakula sinia moja watu watatu, ugali wa ulezi na maharage, na siku Mama Zuhura akitoka mjini kuna samaki wa migebuka.

Wao wanaongea Kifipa, wanacheka. Mimi nacheka nao.

"Na wewe unacheka nini, umeelewa?" Mama Zuhura ananiuliza.

"Hapana, mama."

"Basi tulikuwa tunakusema wewe!"

Nilikuwa na furaha, sitaficha. Sijawahi kukaa mahali nikasemwa vizuri hivyo.

Sasa maharage ya Mama Sabina. Ni madogo, meupe ya maziwa, yana michirizi ya zambarau. Aliyapata kwa mama yake mzazi, kule Kaengesa, alipoolewa, na yeye mwenyewe alimpa Mama Zuhura kopo moja zamani. Maharage ya wengine yakipata kutu, yale yanakaa kijani tu. Mimi kwa ujuaji wangu niliyapeleka kituoni, nikayapaka kila kutu niliyoiokota kwenye mashamba ya huku. Hakuna iliyoshika! Madoa meupe kidogo, basi. Nilipomwambia Mama Sabina alifurahi kama aliyefaulu mtihani, akaniongezea mboga.

Kosa langu lilianza safarini. Nilikwenda kikazi upande wa Mbeya, nikapita kando ya shamba la maharage limeungua kabisa kwa kutu. Niliingia humo suruali ya bluu, nikatoka ya kahawia. Na yale yaliyoliwa ni aina ninazozijua, aina ambazo kutu ya kwetu haizigusi. Moyo ukaruka! Nikasema hii ni mbari ambayo sijaiona, na nikiitambulisha vizuri nitajulikana.

Utaratibu upo, na nilikuwa naufundisha wengine. Majani unayabana kwenye karatasi yakauke. Kama ni lazima ubaki nayo hai, unaiweka kwenye banda la neti lililofungwa, unabadilisha nguo, unanawa. Mimi niliyabeba mabichi kwenye bahasha. Nikafika kituoni, nikapaka miche kwenye ndoo, ikashika. Banda la neti la kituoni lilikuwa limechanika upande mmoja. Ningeweza kulishona. Ningeweza kumwambia bosi. Nilichofanya ni kupakia zile ndoo na kuzileta nyumbani, nikazipanga nyuma ya chumba changu.

Hapa nitasema ukweli hata kama unaniaibisha kuliko mengine yote. Neti ilikuwa kisingizio. Nilizileta nyumbani kwa sababu nilikuwa mpweke!

Kituoni mwisho wa wiki kuna mlinzi tu, naye anasinzia. Nyumbani wale kina mama walikuwa wanapita, wanasimama, wanauliza. Mama Sabina akiamka, nikishampa shikamoo yake, ananiuliza: "Marahaba. Watoto wako wameamkaje leo?" Mama Zuhura naye: "Wenzako wanaoa, wewe unafuga upele!" Wakanipa na jina, Bwana Kutu. Nilikuwa nainama pale kwenye ndoo na kuwaeleza, hiki kipele kimepasuka leo, hiki kitapasuka kesho. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza kazi yangu ikoje, hata mama yangu mzazi. Kwa ajili ya maswali yale ningeleta ndoo ishirini.

Mama Sabina aliniuliza mara moja, kwa upole: "Baba, hawa wagonjwa wako hawawezi kuniambukizia maharage yangu?"

"Ya kwako hayashikiki, mama. Na hizi nazilinda."

Nilijibu haraka hivyo! Nilikuwa nimeyajaribu maharage yake kwa kutu za huku tu. Hiyo ya ugenini sikuwa nimeijaribu kwake. Nilisema ili aendelee kunipenda.

Kisha nikaitwa kwenye semina nje ya mkoa. Ndoo nikaziacha. Ningeweza kung'oa ile miche na kuichoma, kazi ya dakika chache. Nilisita, maana nikiichoma kutu yangu imekufa, na nilikuwa sijaipa jina. Nikaiacha na mvua ya Machi na upepo wa Machi.

Niliporudi, majani ya kwenye ndoo yalikuwa hayaonekani kijani. Ukuta una vumbi la kahawia, kamba ya nguo ina vumbi. Mama Sabina kila asubuhi alikuwa anapita hapo hapo kwenda shambani, kitenge chake kinafagia zile ndoo. Niling'oa kila kitu siku ile, nikachoma. Nilimwambia nimemaliza nazo. Akasema pole, kama mtu aliyefiwa, na mimi nikaitikia.

Haikuchukua muda mrefu Mama Sabina akarudi kutoka Pito ameshika majani kwenye upande wa kitenge. Aliyaweka mezani kwangu. Yana vipele juu na chini. Kidole chake kilikuwa cha kahawia.

"Ni yale ya mama," akasema. "Yote, baba. Ntumba zote."

Nilichukua jani nikaenda nalo kituoni. Hadubini ikasema ni kutu ya maharage, hilo halikuwa na shida. Nikapanda mstari wangu wa aina zote, nikapaka, nikangoja. Nilikuwa nasali ije kuwa mbari nyingine yoyote. Vipele vilipotoka, vilikula yale yale na kuacha yale yale iliyoyala na kuyaacha kutu yangu ya Mbeya. Ilikuwa yangu! Hapakuwa na njia ya kuzunguka.

Nilikaa mbele ya ile miche mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala. Mji mzima wa Sumbawanga, na mashamba yote mpaka Kaengesa, hapakuwa na mtu mwingine wa kusoma yale majani akajua kilichotokea. Hakuna wa kunishitaki. Sijawahi kujisikia peke yangu namna ile, na nimekaa peke yangu sana.

Jioni yake Mama Zuhura alikuwa amechelewa dukani. Tulikuwa wawili jikoni. Mama Sabina akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Baba, wewe ndiye mtaalamu wetu. Hii imetoka wapi?"

Sasa ndugu msomaji, mwaka ule mume wa Mama Zuhura alikuwa amerudi na Fuso yake kutoka Mbeya akamletea mkewe mbegu za maharage mekundu, na Mama Zuhura alizipanda kwenye ntumba chache za mpakani. Shetani ananiwekea jibu mkononi!

"Huenda imekuja na zile mbegu nyekundu za Mama Zuhura," nikasema.

"Una hakika?"

Nafasi ya kurudi ilikuwa hapo. Mama amenishikia mlango wazi kabisa.

"Nina hakika, mama."

Kutu ya maharage haisafiri ndani ya mbegu! Ni kitu cha kwanza tunachofundishwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenizomea. Inasafiri kwa upepo, kwa nguo, kwa majani, kwa mpumbavu mwenye bahasha. Nilidanganya kwa jambo ninalolijua kuliko yote, nikamdanganya mtu aliyeniamini kwa sababu hiyo hiyo.

Nilidhani yataishia jikoni. Nilidhani atanung'unika siku mbili tatu, kisha watacheka. Sikumjua Mama Sabina kwenye jambo linalohusu mama yake.

Asubuhi yake tulikuwa bombani, foleni ndefu, maji yanatoka kidogo kidogo. Mama Zuhura akaja na ndoo yake, akasalimia kwa Kifipa kama kawaida. Mama Sabina akamjibu kwa Kiswahili, na kwa sauti ya juu.

"Mwenzangu, ungeniambia kama unaleta mbegu mbovu. Ningekukataza."

"Mbegu gani, dada?"

"Zile za Fuso. Zimeniletea ugonjwa. Maharage ya mama yangu yamekwisha!"

Mama Zuhura akaweka ndoo chini. "Dada, mimi? Niue maharage uliyonipa mwenyewe kwa mkono wako?"

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nyuma kwenye foleni hiyo hiyo.

"Bwana Kutu, hebu sema wewe. Mbegu zangu ndizo?"

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama ndani ya ndoo yangu, haina kitu. Mkinikuta leo na kuniuliza nini kinaniamsha usingizini, ni ile sauti yake. Hakuwa ananigombeza. Alikuwa ananiomba.

"Vipimo ndivyo vinavyoonyesha," nikasema.

Ee Mungu wangu! Vipimo! Mama Zuhura akachukua ndoo yake ikiwa tupu, akaondoka. Nyuma yake watu wakaanza kutia chumvi. Mara Fuso zinaleta kila uchafu, mara wenye maduka hawana uchungu na shamba. Maneno ambayo Mama Sabina mwenyewe hakuyasema. Nami nikachota maji yangu.

Mama Zuhura hakuingia tena kwenye ua wetu. Jikoni tukabaki wawili. Lile sinia likawa kubwa, ugali unakaa katikati na pembeni ni bati tupu. Kifipa kilikwisha pale ndani, maana Mama Sabina hakuwa na wa kuongea naye. Alikuwa ananiambia mimi kwa Kiswahili, chumvi imetosha, mlango umefunga, na hayo ndiyo mazungumzo yetu. Nilikuwa nimelinda nafasi yangu jikoni, na jiko lenyewe likawa halina watu.

Mavuno ya maharage yale yalikuwa machache, yamesinyaa, mengine yana mikunjo. Alichagua chagua, akatunza kidogo. Msimu uliofuata alipanda na karibu yote hayakuota.

Na ntumba mwaka ule alitengeneza peke yake. Nilikwenda kumsaidia Jumamosi moja. Ng'ambo ya mpaka Mama Zuhura alikuwa na vibarua. Mama Sabina alikuwa akiinua jembe, anatazama upande ule, analishusha. Hawakusalimiana mchana kutwa, mimi nikiwa katikati yao na koleo. Nilitaka kupiga kelele, nikasema tu kuwa jua ni kali.

Kisha tukasikia duka linafungwa, mume wa Mama Zuhura anahamishia biashara Mpanda. Mama Zuhura hakuja kuaga.

Jumapili moja Mama Sabina akiwa misani, bodaboda akasimama nje. Ameshika kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa.

"Hili la Mama Sabina. Mama Zuhura amesema ni mbegu zake, alizitunza toka kabla ya ule ugonjwa. Amesema mwenzake asije akaishiwa. Na amesema hana kinyongo."

Alipoondoka nikafungua kitambaa. Maharage meupe yenye michirizi ya zambarau, yamechanganywa na majivu, yamejaa, hayana hata tundu moja. Mtu tuliyemtukana bombani kwamba ameua maharage ndiye aliyekuwa nayo! Alikuwa nayo muda wote Mama Sabina akihangaika na yaliyosinyaa.

Nilikaa kizingitini nimelipakata lile kopo mpaka Mama Sabina akarudi. Nilimpa, nikamwambia maneno yote kama nilivyoambiwa. Aliingia jikoni, akayamwaga kwenye ungo, akaanza kupepeta majivu.

"Aliyatunza," akasema.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya udongo, mwanaume mzima, nikamweleza yote. Bahasha, ndoo, semina, mstari wa miche kituoni, na kwamba kutu haisafiri kwenye mbegu. Yeye anaendelea kupepeta. Nilipomaliza mkono wake ukasimama.

"Kwa hiyo siku ile bombani, alipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

"Na mimi nikimsema, unanisikia."

"Nilikusikia."

"Kwa nini, baba?"

"Niliogopa utanifukuza nisile na ninyi."

Hakupandisha sauti, na mimi nilitamani angenichapa. Akajifunga kitenge, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Nyumba ya Mama Zuhura ilikuwa na kufuli, na uani kumebaki magunia matupu. Walikuwa wameondoka asubuhi ile ile.

Akarudi jikoni, akanipa simu nimpigie, akaweka sauti ya nje maana sikio moja halisikii vizuri. Mama Zuhura akapokea. Mama Sabina akaongea Kifipa, muda mrefu, anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ile lugha niliyoikosa jikoni nikaisikia tena, na sikuelewa ila "Bwana Kutu", lililotajwa mara nyingi. Kisha Mama Zuhura akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Nimekusamehe, dada yangu. Na huyo aliye hapo mwambie nimesikia alichofanya."

"Msimu huu utakuja?" Mama Sabina akamuuliza, naye kwa Kiswahili. "Shamba lako si bado lipo?"

"Shamba tumelikodisha. Na huku nimeshapata wa kulima naye."

Wakaagana vizuri. Mama Sabina akaweka simu juu ya meza, akarudi kwenye ungo wake.

Nilimwambia nitahama. Akasema, "Kaa tu. Nyumba haijakukosea." Sikujua lile neno lilikuwa na maana gani mpaka jioni. Niliponawa mikono na kwenda jikoni, sinia lilikuwa limetundikwa ukutani. Yeye amekula. Akanipa sahani yangu imefunikwa, nikale chumbani. Siku zilizofuata nikawa naikuta mlangoni. Chakula ni kile kile, na mboga haijapungua. Wala hanisemi vibaya kwa mtu. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, lakini swali la watoto wangu wameamkaje halipo tena, na hata hao watoto sina.

Bosi alinitoa kwenye mimea hai. Sasa nabandika majani makavu kwenye karatasi, naandika jamii, mmea, mahali palipookotwa. Kutu iliyokufa haina madhara. Ile ya ndoo ilipewa namba na watu wengine, mimi jina langu halipo popote, na ni sawa. Iko Pito sasa, kila Machi itarudi. Nimezunguka shamba kwa shamba kuwaambia wenye maharage nini cha kufanya, lakini sikuwa na ujasiri wa kuwaambia imetoka kwa nani. Leo nawaambia.

Mwaka huu Mama Sabina ameyapanda yale ya kwenye kopo mbali na Pito, kwa ndugu zake Kaengesa, mahali ambapo sijakanyaga wala sitakanyaga. Nilimwomba nikamsaidie kulima matuta. "Acha, baba," akasema, "nitaweza." Nilimwona anatoka alfajiri na jembe moja begani.

Ndugu zangu, hasa wewe unayejua kitu ambacho walio karibu nawe hawakijui, uwe fundi, uwe daktari, uwe mwalimu, uwe nani. Siku utakapoharibu, hakuna atakayekugundua, na utaona kama una bahati. Usidanganyike! Nenda kaseme siku hiyo hiyo, wakati bado mnakula sinia moja. Watakufokea, na utakula huku wanakufokea, lakini utakuwa umekaa nao. Mimi niliogopa kufukuzwa jikoni, nikaficha. Sikufukuzwa. Nimebaki hapa hapa, mlango kwa mlango, na nakula peke yangu.

Na ninyi mliokuwa bombani asubuhi ile, mlionisikia nikisema vipimo ndivyo vinavyoonyesha, vipimo vilinionyesha mimi. Mbegu za Mama Zuhura zilikuwa safi. Mkipita Mpanda mkamwona, mwambieni nimelisema hilo hadharani.